SOMO KWA MAKATIBU: KUMPIGA PICHA MDUDU WA BUNI

Mdudu mweusi atoboaye tunda la mbuni hafikii urefu wa milimita 2. Picha yake ikiwa na ukungu, bwana shamba aweza kumdhania mwingine, na fedha za wanachama zikapotea kwa dawa isiyofaa.

Kamera ikisogezwa karibu sana, sehemu inayoonekana dhahiri hupungua, na mtikisiko mdogo huharibu picha. Kwa hiyo:

1. Tunda lipasuliwe, liwekwe juu ya karatasi nyeupe, kivulini penye mwanga wa kutosha.
2. Rula ilazwe kando yake.
3. Simu ilazwe juu ya mafungu mawili ya vitabu, na kioo cha kukuzia kiwe chini ya lenzi.
4. Zipigwe picha kadhaa, iliyo safi ndiyo ipelekwe.

Maua yapigwe alfajiri, kabla ya upepo.