Mboga za Porini: Virutubisho Vingi Hupotelea Jikoni

Sifa za mgagani, mchunga, mnavu na mlenda zimekwisha kuimbwa vya kutosha. Kisichosemwa sana ni kwamba mboga hizi zinapofika mezani mara nyingi zimekwisha kuvuliwa sehemu kubwa ya sifa hizo. Zimeshinda kwenye jua la soko, zimekatwakatwa kabla ya kuoshwa, zimechemshwa na magadi kwa nusu saa, na mwisho yale maji ya kijani yamemwagwa nje. Aliyekaa mezani anakula nyuzinyuzi na jina.

Kilichomo kwenye jani bichi si kidogo. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina vitamini C zaidi ya miligramu 40 na kalsiamu zaidi ya miligramu 200. Mgagani, ambao wengine huuita mwangani, kwa kawaida huupita mchicha kwa vitamini C na kwa madini ya chuma, ingawa kiasi hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa jani. Mtu mzima, kwa kipimo cha FAO na WHO, anahitaji miligramu 45 za vitamini C kwa siku. Hesabu hiyo inatimia kwa bakuli moja la mboga, ilimradi mpishi asiiharibu.

Vitamini C, vitamini E, karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na polifenoli zinazoleta ukakasi na rangi ya zambarau, zote huwekwa kwenye kundi moja la antioksidanti. Kazi ya kundi hilo huonekana kwenye parachichi: likikatwa na kuachwa wazi huwa jeusi. Ukilikamulia ndimu hukawia kubadilika. Kinachopigana pale ni hewa ya oksijeni na vitamini C, na vita vya namna hiyo hupiganwa ndani ya seli zetu kila mwili unapochoma chakula ili kupata nguvu. Mpishi anatakiwa kushika mambo mawili tu. Vitamini C huyeyuka majini, na huharibiwa na moto na hewa. Karotini haiyeyuki majini bali kwenye mafuta, na mwanga mkali huiua. Karibu kila ninachoshauri hapa kinatokana na hayo mawili.

Chuma asubuhi, ncha changa tu, uziweke kivulini chini ya kitambaa kibichi, na uzipike siku hiyohiyo. Mahali pa kuchuma pana uzito kuliko saa ya kuchuma. Achana na kando ya barabara kuu, mifereji ya maji machafu, na mipaka ya mashamba ya pamba au nyanya yanayopigiwa dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ulipima metali nzito ndani ya mboga hizo, na mimea inayojiotea hunywa maji yaleyale. Kuosha huondoa vumbi. Metali iliyokwisha kunyonywa na mizizi haiondoki.

Osha majani yakiwa mazima, kisha ndipo uyakate, tena vipande vikubwa. Kila unapopitisha kisu unafungua mlango wa vitamini C kutoroka. Kaanga kwanza kitunguu na nyanya vikaive kabisa, halafu tia majani na maji yaliyobaki juu yake baada ya kuoshwa, funika, uhesabu dakika tano hivi. Majani machanga hayataki zaidi ya hapo. Mafuta yasikosekane, kwa sababu bila mafuta karotini hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Si lazima yawe ya chupa: Pwani mchunga huungwa kwa tui la nazi, bara wanatia karanga za kusaga, na magharibi mwa Kenya mgagani hupikwa na maziwa au malai. Tui na maziwa hufanya kazi ya pili pia, kupunguza uchungu. Ukiona bado ni mkali, changanya na majani ya kunde au mchicha. Wanaochemsha mchunga na kumwaga maji mara mbili tatu wanaondoa uchungu, ni kweli, lakini wanaondoa na kile walichokuwa wakikitafuta.

Kumwaga maji kuna mahali pake. Mchicha wa porini uliokomaa una oksalati nyingi, na mwenye historia ya mawe kwenye figo afadhali auchemshe na kumwaga maji. Wengine, mchuzi huo ni wenu.

Sasa magadi. Hulainisha majani na kuyaacha ya kijani kibichi ya kupendeza macho, na huku yanaharakisha kuharibika kwa vitamini C na vitamini B1. Najua mpishi wa mlenda hatanielewa, maana kwake mlenda bila magadi haujakamilika, na sina nia ya kumgombeza. Atie chembe ndogo, tena mwishoni, na vitamini C aitafute kwingine kwenye mlo huohuo. Matone ya ndimu juu ya mboga iliyokwisha kuepuliwa yanatosha, na yana faida ya ziada: madini ya chuma yaliyo kwenye majani hunyonywa kwa shida, na vitamini C huyasaidia sana kuingia mwilini. Chai na kahawa hufanya kinyume. Kikombe cha chai ya rangi kisubiri saa moja baada ya kula, hasa kwa mama mjamzito.

Kwa vitamini C, hata hivyo, mfalme ni mbuyu. Gramu 100 za unga wa ubuyu kwa kawaida huwa na miligramu 150 hadi 300, wakati chungwa lina kama 50. Ulaya iliruhusu unga huo kuingia kwenye vyakula vyake mwaka 2008, na sasa unauzwa huko kwa bei ya kushangaza. Sisi tunaupika kwenye shira na rangi nyekundu, tukaupa watoto kama peremende. Nunua ule mkavu usiotiwa kitu, uukoroge kwenye maji baridi, au uutie kwenye uji ukishaepuliwa na kupoa kidogo. Usiuchemshe.

Kukausha kwa ajili ya kiangazi ni utaratibu mzuri, ila kuanika majani juani kwenye bati ni kuichoma karotini. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, yachuje, kisha uyatandaze kivulini penye upepo. Yakikauka, yaweke kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala unyevu. Vitamini C nyingi itakuwa imekwenda, lakini madini yatakuwepo.

Usile mmea usiotambuliwa na mwenyeji wa hapo anayeula. Unaonitisha zaidi ni mnanaha, wenye maua meupe kama tarumbeta na tunda la miiba, kwa sababu huota mashambani na majalalani katikati ya mnavu na mchicha, na moto wa jikoni hauondoi sumu yake. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, chakula cha msaada kilichochafuliwa na sumu za mimea ya aina hiyo kiliua watu watano na kulaza mamia. Mnavu nao, kula majani yaliyopikwa na uache matunda mabichi ya kijani.

Wauzaji wa vidonge vya antioksidanti nao wasikuchanganye. Wavutaji sigara zaidi ya 29,000 wa Finland walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa vidonge vya karotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Jani halifanani na kidonge, kwa kuwa vilivyomo ndani yake ni vingi, kila kimoja kwa kiasi kidogo. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia dawa za kisukari asiziache kwa kuambiwa kwamba mchunga unatosha.

Na unapochuma, kata ncha, using'oe shina. Acha mashina machache yazae, ukusanye mbegu uoteshe karibu na jiko. Mbegu za mgagani zilizovunwa sasa hivi huota kwa shida. Zihifadhi kavu miezi mitatu au zaidi, kisha uzipande juujuu kwenye udongo wenye samadi. Wiki tano au sita baada ya kuota, unaanza kuchuma.