Kibarua Anapofanywa Msimamizi

Somo hili linahusu jambo linalotokea katika chama chochote cha msingi chenye ghala. Mtu aliyebeba magunia pamoja na wenzake msimu mzima huitwa na Kamati, na kesho yake hukabidhiwa kitabu cha mahudhurio na funguo. Kamati nyingi hudhani kazi yao imekwisha hapo. Kumbe ndipo inapoanza.

Tuchukue mfano wa ghala la mpunga huko Lituhi, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa. Miongoni mwa vibarua wamo wavuvi. Usiku wa giza huingia ziwani na taa kuvua usipa, na asubuhi huchelewa kazini. Msimamizi mpya analijua hilo vizuri, maana juzi tu alikuwa katika mtumbwi huo huo. Mwenzake aliyefika saa tatu humwendea kwa upole: “Ndugu yangu, niandikie saa moja. Wewe mwenyewe wajua tulikokesha.” Akikataa, ataambiwa cheo kimemlevya. Akikubali, atakuwa ameandika saa 2 za uongo, zitakazolipwa kwa fedha za wakulima walioleta mpunga wao. Na kesho watakuja watatu.

Ukali hautaliponya jambo hili. Msimamizi aandike saa ya kweli, mhusika akiona, kisha aipelekee Kamati shauri: siku za giza kazi ianze saa tatu na kwisha saa kumi na mbili jioni, pamoja na saa 1 ya mapumziko. Hizo ni saa 8 za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Hivyo hakuna anayepunjwa, na kitabu hakisemi uongo.

Wako wanaoogopa mno kuitwa wanyapara. Neno hilo lilitoka kwa viongozi wa misafara ya Wanyamwezi, na katika mashamba ya wakoloni likawa jina la mtu wa kusimamia na kufoka. Hofu hiyo ina sababu: Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi cha viongozi, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliutumia kuwapinga mameneja waliowanyanyasa. Lakini anayekwepa kuitwa mnyapara kwa kufumba macho huwanyanyasa wengine, yaani wakulima wasiokuwapo ghalani.

Jambo hili huonekana wazi kwenye mizani. Ikipunguza kilo 2 katika kila gunia, magunia 300 yatawapotezea wakulima kilo 600. Kwa hiyo kila asubuhi msimamizi aijaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana, mbele ya mashahidi. Mkulima asome mwenyewe na apewe stakabadhi papo hapo. Rafiki aliyechelewa huonywa faraghani. Aliyechezea mizani hupelekwa mbele ya Kamati, hata kama walikua pamoja.

Kula na wenzake aendelee kula. Kujitenga hakumwongezei heshima. Kubeba gunia moja moja si vibaya, ila asibebe kutwa nzima, maana nani atatazama mizani?

Kwa upande wake, Kamati impe barua inayotaja kazi zake, ujira wake na anayewajibika kwake, na isomwe mbele ya vibarua wote. Kumpa mtu cheo kwa mdomo ni kumsukuma ziwani bila kafi.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama: Katika chama chenu, ni nani hujaribu mizani, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini? Je, msimamizi wenu ana barua? Kibarua akiona ameandikiwa saa pungufu, amwendee nani asiyekuwa msimamizi huyo huyo?