SOMO LA WAFANYAKAZI: UZEMBE HOSPITALINI NA HAKI YA MGONJWA

Ndugu wafanyakazi wa Giheke,

Sisi tunaochuma chai na tunaosimamia mashine tuna mali moja: mwili. Mkono ukipotea, mshahara nao umepotea. Basi tujue la kufanya mwili huo ukiharibiwa hospitalini.

Uzembe ni nini?

Si kila mgonjwa anayefariki ameuawa na daktari. Yapo magonjwa yanayoshinda dawa. Uzembe ni daktari kuacha jambo ambalo daktari mwangalifu, mwenye elimu na vifaa kama vyake, asingeliacha.

Novemba 2007, katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Wa goti alipasuliwa kichwa; wa kichwa alipasuliwa goti, na baadaye akafariki. Februari 2018, Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa asiyehusika naye alipasuliwa kichwa. Hapo tatizo halikuwa ugumu wa ugonjwa. Watu hawakuhakikisha nani yuko mezani.

Mambo matatu ya kuthibitisha

1. Walikupokea kama mgonjwa wao.
2. Hawakutimiza wajibu wao.
3. Madhara yametokana na kosa hilo, si na ugonjwa wenyewe.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, na bila karatasi halithibitishwi.

Sheria

Nchini Rwanda, Sheria Na. 49/2012 ya tarehe 22 Januari 2013 iliweka bima ya lazima kwa ajili ya makosa ya tiba, ili anayeumizwa alipwe fidia. Kwa hiyo kudai fidia si kumtakia daktari jela. Naye ni mfanyakazi. Pengine amekesha zamu mbili. Lakini uchovu wake haumrudishii mwenzetu mkono.

Tufanye nini?

Tutunze barua ya rufaa, risiti, vyeti vya dawa na majibu ya vipimo. Tuandike tarehe, saa na jina la aliyetuhudumia. Malalamiko yaende kwa mkuu wa hospitali kwa maandishi, nasi tubaki na nakala yenye muhuri. Tusiporidhika, liko baraza linalosimamia madaktari, na iko mahakama kwa fidia. Asiyejua kusoma aende na mjumbe wa chama. Tusikawie: karatasi hupotea na mashahidi huhama.

Maswali ya kujadili tawini

1. Uzembe na bahati mbaya vinatofautianaje?
2. Nani kati yetu ana karatasi zake zote za matibabu?