Moto Una Kalenda Yake

Wahariri wa jarida letu wameniomba niwaeleze wanachuo kazi ninayoifanya tangu nilipomaliza shahada. Mimi ni mpangaji wa udhibiti wa moto wa misitu, ngazi ya kanda. Watu wakisikia hivyo huniuliza, "Kwa hiyo wewe ni zimamoto?" Hapana. Sina gari jekundu wala king'ora. Nina ramani, kalenda na pikipiki, na sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika miezi ambayo hakuna moto hata mmoja.

Kituo changu kiko mkoa wa Lindi, kwenye misitu ya miombo. Kwa ambao hamjafika kule, miombo ni msitu wa miti inayopukutisha majani wakati wa ukame, na chini yake huota nyasi ndefu. Humo ndimo wanamotoka mninga na mpingo. Mvua zikikatika mwezi wa tano, hazirudi mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Nyasi zinakauka zikiwa zimesimama, na pori zima linabaki linasubiri kiberiti.

Na kiberiti hakikosi mtu wa kukiwasha. Radi huja na mvua, kwa hiyo moto wa kiangazi karibu wote ni wa binadamu: mkulima anasafisha shamba, mrina asali ana mwenge wake, mfugaji anataka majani mapya yachipue, mwindaji anafukuza wanyama, mpita njia anataka kuona mbele kama kuna nyoka. Ukitaka kupanga moto bila kuwajua hawa, umeanza vibaya. Mimi nilianza hivyo hivyo, na nitafika hapo.

Moto wa Juni si moto wa Oktoba

Tuanze na somo lenyewe. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba moto ni adui wa msitu, basi. Ukweli ni kwamba swali la kwanza si kama msitu utaungua, bali utaungua lini.

Mwezi wa sita ni kipupwe. Nyasi zimekauka juu lakini mashina bado yana ubichi, na usiku kuna umande. Moto wa wakati huo hutembea taratibu, huacha mabaka yasiyoungua, na mara nyingi usiku huzimika wenyewe. Oktoba mambo ni mengine. Nyasi zimekauka mpaka chini, majani makavu yametanda, jua kali na upepo upo. Halafu miti ya miombo ina tabia ya kutoa majani machanga kabla mvua haijaanza, kwa hiyo moto wa Oktoba unaikuta katika wakati wake mbaya kuliko yote. Unaua miche, unapanda hadi matawini, na mwaka unaofuata nyasi zinakuwa nyingi zaidi kwa sababu kivuli kimepungua.

Jambo hili lilipimwa zamani. Karibu na Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalianzishwa majaribio ya kuchoma vipande vya msitu wa miombo kwa nyakati tofauti. Vipande vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka vilipoteza miti na nyasi zikatawala. Vilivyochomwa mapema viliendelea kuwa msitu. Vilivyokingwa na moto kabisa vilisongamana miti na vichaka. Unaweza kusema basi tukinge kote. Kwenye kipande chenye mlinzi inawezekana. Kwenye kanda nzima, nyasi zisizoungua mwaka huu zinajilimbikiza, na moto wa mwakani unakuwa mkali zaidi.

Ndiyo maana tunafanya uchomaji wa mapema. Tunachoma vipande vilivyochaguliwa wakati wa kipupwe ili moto wa Oktoba ukifika ukose cha kula.

Vitu vitatu vinavyouendesha moto

Kitu cha kwanza ni vinavyoungua: ni vingi kiasi gani, na vina unyevu kiasi gani. Cha pili ni hali ya hewa, hasa upepo na ukavu wa hewa. Cha tatu ni umbo la ardhi. Moto unaopanda mlima huikausha mimea iliyo juu yake kabla haujaifikia, na makadirio yanayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko huongeza kasi yake karibu mara mbili. Ndiyo sababu milimani ni vigumu kuudhibiti. Moto wa Mlima Kilimanjaro ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 uliunguza takriban kilomita za mraba 95, ingawa mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wanachuo wa Mweka. Angalia na tarehe yake. Ni Oktoba.

Katika vitu hivyo vitatu, mpangaji hawezi kubadilisha upepo wala mlima. Anaweza kugusa kimoja tu, nyasi, na hicho nacho kina siku zake.

Mpango wangu wa kwanza

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mzuri kwa macho. Kurasa 62 na ramani za rangi. Nilitumia alama za moto zinazoonwa na setilaiti, ambazo NASA huzitoa bure kwenye intaneti ndani ya saa chache. Nilijua kila eneo lililoungua kwa miaka 10. Chini ya kichwa "Uchomaji wa mapema" niliandika neno moja: Juni.

Sasa, mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi. Juni ni mwezi ambao mafungu yamekauka kuliko nyasi. Fedha za mafuta na posho za uchomaji wangu ziliingia wiki ya pili ya Agosti. Fungu lilikuwa limeandikwa "uchomaji wa mapema", ofisi ilitaka litumike, na mimi nilitaka ripoti yangu ya kwanza ionekane imetekelezwa. Nikasaini.

Asubuhi ile mzee mmoja wa kijiji aliinama, akang'oa kishungi cha nyasi, akakifumbata kiganjani. Kikavunjika chote. Akaniambia, "Mwanangu, nyasi hizi zimeshakufa. Huu si wakati wake." Nikamjibu kwa heshima, "Usijali mzee, tumelima barabara ya kuzuia moto, mita 6." Tukawasha saa nne. Saa saba mchana upepo ukageuka, moto ukaruka ile barabara kama haipo.

Uliingia kwenye shamba la mama mmoja mjane ukaunguza mikorosho 31. Agosti mikorosho iko kwenye maua. Nilipofika kwake jioni sikujua niseme nini zaidi ya shikamoo na pole. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu yuko chuo, mwaka wa pili. Mkopo amepata nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo hii."

Wewe unayesoma hapa unajua maana ya nusu nyingine. Fidia ilikuja baada ya miezi saba na haikufikia thamani ya miti ile. Kwenye fomu ya ripoti palikuwa na sehemu ya chanzo cha moto. Wenzangu walinishauri niandike "upepo". Niliandika "uchomaji uliofanywa nje ya wakati", nikasaini kwa mara ya pili. Barua ya onyo niliyopewa bado ninayo.

Nilichobadilisha

Kwanza, mpango wangu sasa hauna tarehe, una dalili. Tunachoma pale jani la juu limekauka na shina la chini bado ni la kijani. Ukifumbata nyasi zikajikunja bila kuvunjika, subiri. Zikivunjika zote, umechelewa. Zikivunjika juu na kujikunja chini, itisha watu. Kipimo hiki nilifundishwa na yule mzee, na kila mwaka ndiye ninayemfuata kwanza.

Pili, saa. Hatuwashi asubuhi tena. Tunawasha kuanzia saa kumi jioni, kwenye ukingo, moto ukitembea kinyume cha upepo, ili umande utusaidie kuumaliza.

Tatu, fedha. Kazi ya Mei na Juni haiwezi kutegemea fungu linalokuja Agosti. Vijiji vyenye misitu ya hifadhi ya kijiji huvuna mbao na kubaki na mapato. Tulikaa kwenye mikutano mikuu ya vijiji, wakakubali kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya mgambo, madumu ya maji na viatu. Warina asali walikuwa wa kwanza kuunga mkono, kwa sababu moto wa Oktoba unaunguza mizinga. Nikagundua kwamba watu niliowaandika kwenye ukurasa wa 9 kama "visababishi" ndio waliokuwa wanaijua kalenda.

Nne, kuna sentensi moja niliyoipigania kwenye vikao vingi: dalili zikipita, uchomaji wa kipande hicho unafutwa, hata kama fedha zimefika. Bosi aliniuliza, "Unarudisha fedha?" Nikasema ndiyo. Sentensi hiyo ipo, na tumeshaitumia mara mbili. Hakuna anayetupongeza kwa fedha iliyorudi, lakini miaka hiyo hakuna mkorosho ulioungua kwa mkono wetu.

Setilaiti bado naitumia kila siku. Inapita mchana na usiku, na alama moja huwakilisha eneo la mita 375 kila upande, kwa hiyo naona moto ulipo hata nikiwa ofisini. Isichonionyesha ni nani kauwasha na kwa nini. Hilo nalifuata kwa pikipiki.

Zoezi

Kwa wanaosoma misitu, ikolojia, mipango, hata uhasibu, nawaachia maswali matatu. Moja: nyasi zilizo nyuma ya hosteli zenu ziko hatua gani wiki hii? Nendeni mkafumbate. Mbili: kati ya shughuli za msimu mnazosomea, zipi zinaangukia miezi ambayo mafungu yameisha, na nani analipa zikichelewa? Tatu: mkipewa fomu yenye nafasi ya "chanzo", mtaandika nini?

La tatu halipo kwenye mtihani wowote niliowahi kufanya chuoni. Kazini lilikuja mwaka wa kwanza.