Dondoo muhimu: Kupata majalada ya kufilisika Marekani

Umesikia mdaiwa wako au mshirika wako wa biashara kajitangaza mufilisi? Thibitisha mwenyewe, majalada haya yako wazi kwa umma.

1. Usianzie mahakama ya kaunti, kosa la wengi: kesi hizi husikilizwa na mahakama za shirikisho.
2. Hujui kesi iko mahakama ya wilaya gani? Fungua akaunti ya PACER, mfumo wa mtandaoni wa majalada ya mahakama za shirikisho, utafute nchi nzima.
3. Humo ukurasa ni senti 10 na hati moja haizidi dola 3, ila orodha ya majina haina kikomo hicho. Ukiandika “Johnson” tupu utalipia akina Johnson wote; weka jina kamili.
4. Ukitumia dola 30 au chini kwa robo mwaka, hulipi kitu.
5. Kwenye kompyuta ya umma ya masijala ya mahakama, majalada husomwa bure. Kuchapisha ndiko kunakolipiwa.
6. Andika namba ya kesi, karani ataiulizia kwanza.
7. Jalada la zamani huenda limehamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Omba namba ya sanduku.
8. Nakala ya kupeleka benki iwe imethibitishwa kwa muhuri.
9. Wauza “ripoti” mtandaoni? Waruke.