Mtoto na Kipande cha Mkaa

Mtoto mdogo akiokota mkaa na kuchora ukuta uliopakwa chokaa, mara nyingi malipo yake ni kofi. Mama ana haki ya kuusikitikia ukuta wake, lakini kofi lile humfunza mtoto jambo lisilokusudiwa, yaani kwamba mkono wake usithubutu. Baada ya miaka michache mkono ule ule ndio utakaotakiwa kushika kalamu shuleni bila woga. Basi yafaa wazazi wajue kwamba kuchora si utundu wala si kupoteza wakati. Ni mwanzo wa kuandika, na ni mwanzo wa kutazama mambo kwa makini.

HATUA ZA MTOTO

Watoto wa mataifa mengi hupita katika hatua zinazofanana. Mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu au miwili hutia mistari ovyo, akifurahia tu kuona alama zikitokea. Akaribiapo miaka mitatu huanza kufunga duara. Kisha, kwenye miaka mitatu au minne, humchora mtu: kichwa kikubwa chenye macho, na miguu inayotoka kidevuni, bila tumbo. Kwenye miaka mitano au sita huonekana nyumba, jua, na mstari mmoja chini ulio ardhi. Pengine kuku huwa mkubwa kuliko ng'ombe, maana mara nyingi mtoto hukikuza kile anachokijali zaidi.

Mzazi asicheke wala asisahihishe mambo hayo. Mtoto hutambaa kabla ya kusimama, na katika kuchora ni vivyo hivyo.

VYOMBO VYA KUCHORA

Si lazima kutumia fedha. Uwanja uliofagiliwa na kunyunyizwa maji kidogo ni ubao mzuri, na kijiti ni kalamu yake. Mkaa uliopoa hufaa juu ya gazeti kuukuu, mfuko wa unga uliopasuliwa, au kipande cha boksi. Rangi nyekundu hupatikana kwa udongo mwekundu uliochungwa na kukorogwa katika uji mwepesi, ili ushike karatasi. Bizari hutoa rangi ya manjano, na masizi ya chungu hutoa nyeusi. Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki huwa brashi.

Lakini unga mweusi ulio ndani ya betri kuukuu za tochi usitumiwe kamwe. Una madawa yenye sumu, na mtoto hutia vidole kinywani.

Ili ukuta usalimike, mtoto aonyeshwe mahali pake na kuambiwa kwa upole, "Hapa ni pako, mwanangu, pale ni pa mama." Asipoonyeshwa mahali pa kuchora, atajitafutia mwenyewe.

KAZI YA MZAZI

Wazazi wengi wenye nia njema hukosea kwa kumchorea mtoto kielelezo. Mtoto aliyechorewa kuku hurudia kuku yule yule wa baba yake kila siku, asimtazame tena kuku aliye uani. Afadhali baba ampeleke uani na kumwuliza, "Kuku ana vidole vingapi? Vinaelekea wapi? Mkia wake umekaaje?" Mtoto atagundua mwenyewe kwamba vidole vitatu huelekea mbele na kimoja nyuma, na kile alichokigundua hatakisahau.

Picha ikiisha, mzazi asiseme, "Hiki ni kitu gani?" Neno hilo humvunja moyo mtoto. Aseme, "Nieleze habari za picha yako." Mzazi ajuaye kuandika ayaandike maneno ya mtoto chini ya picha, kisha amsomee. Hapo mtoto hufahamu kwamba usemi waweza kuwekwa juu ya karatasi, nalo ni somo kubwa la kusoma. Robo saa kwa siku yatosha. Atumiaye mkono wa kushoto asilazimishwe kutumia wa kulia, na wasichana wapewe nafasi sawa na ndugu zao.

MATUNDA YA KUTAZAMA

Mwalimu Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha uchoraji huko Makerere, Uganda, mwaka 1937, aliwahimiza wanafunzi wake wachore maisha waliyoyajua, wasiige picha za Ulaya. Mmoja wao, Sam Ntiro wa Machame, alichora kazi za vijijini katika nchi ya Kilimanjaro, na baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 aliiwakilisha nchi yake mjini London. Mwingine aliyesoma Makerere, Elimo Njau wa Marangu, alichora mwaka 1959 picha kubwa tano katika kanisa la Fort Hall, ambako leo huitwa Murang'a. Zaonyesha maisha ya Yesu, lakini watu na mandhari ni za Kenya.

Si kila mtoto atakuwa mchoraji. Wengine watakuwa mafundi wa kupima mbao, washonaji wa kukata nguo, au wakulima wanaotambua ugonjwa wa jani mapema. Kazi zote hizo zataka jicho linaloona na mkono usioogopa, navyo huanza kukuzwa nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.