Somo la Msimu wa Mvua: Fuata Maji Kutoka Mlangoni Pako



Mvua kubwa inaponyesha usiku, kuna nyumba ambazo watu hujifunika vizuri na kuendelea kulala. Kuna nyumba nyingine ambazo mama huamka, huwasha taa na kuangalia kama sakafu imeanza kulowa. Mara nyingi nyumba hizo mbili ziko katika mtaa mmoja, hata pengine katika safu moja. Somo hili ni la zote mbili, kwa sababu maji yanayoingia kwa jirani huwa yamepitia kwako kwanza.

Ukimaliza kusoma, utaweza kukadiria maji yanayomwagika kutoka kwenye paa lako, kueleza kwa nini mtaa hufurika na kujua la kufanya maji yanapopanda.

1. Tuliyoyaona mwaka wa 2024

Mvua za vuli za mwaka wa 2023 zilikuwa za El Niño. Masika ya 2024 yalipoanza, mvua kubwa zilirejea. Mwishoni mwa Aprili mito ya jiji letu ilivunja kingo, na wakazi wa Mathare na Mukuru wakaumia zaidi. Nchini kote zaidi ya watu 250 walifariki katika msimu huo. Ufunguzi wa shule uliokuwa umepangwa kufanyika tarehe 29 Aprili uliahirishwa, na tarehe 10 Mei ikatengwa iwe siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliofariki na kupanda miti.

Alfajiri ya tarehe hiyo hiyo 29 Aprili, makumi ya watu walifariki karibu na Mai Mahiu. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Maji yalijikusanya nyuma ya tuta hadi yakapasua na kuteremka kwa nguvu juu ya watu waliolala.

Wakazi wengi wa Jericho hujifariji kwamba nyumba zao haziko ukingoni mwa mto. Mai Mahiu inatufundisha kwamba si lazima uishi kando ya mto ili maji yakufikie. Njia ya maji ikiziba, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mlango wako.

2. Hesabu ya paa moja

Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba, hutoa lita 1 ya maji. Chukua nyumba yenye paa la mita 5 kwa mita 8, yaani mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 50 juu ya paa hilo ni lita 2,000, sawa na mitungi 100 ya lita 20. Safu ya nyumba 10 za aina hiyo humwaga lita 20,000, na bado hujahesabu ua, vijia na barabara.

Idara ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, huzungumzia mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Ukisikia kiwango hicho redioni, kizidishe kwa ukubwa wa paa lako, kisha uutazame mtaro ulio mbele ya nyumba. Je, utabeba maji hayo yote?

3. Kwa nini Eastlands?

Kwanza, ardhi ya Nairobi huteremka kutoka magharibi kwenda mashariki. Mvua iliyonyesha upande wa Dagoretti huja kwetu kupitia mito na mitaro, hata kama hapa Jericho jua limewaka.

Pili, sehemu kubwa ya Eastlands iko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa. Ukilowa huvimba na kujifunga, na maji hubaki juu.

Tatu, mji umekua kuliko mitaro yake. Mitaa kama Jericho ilijengwa na baraza la jiji karibu na wakati wa uhuru. Sensa ya mwaka wa 1969 ilihesabu wakazi wapatao 509,000 katika Nairobi nzima, lakini ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Nyasi zilizokuwa zikinywa maji kati ya nyumba zimegeuka saruji, vibanda na nyumba za nyongeza, na baadhi zimejengwa juu ya mitaro yenyewe.

Nne, takataka. Nepi chache, mfuko wa maganda ya viazi na chupa za plastiki zinatosha kuziba mdomo wa karavati. Aliyezitupa huenda anaishi juu, na nyumba yake isilowe hata kidogo. Anayeteka maji sebuleni kwa karai ni yule aliye chini.

4. Maji yanapopanda

Maji yanayokimbia yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Kina cha sentimita 15 tu kinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulielea gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kulisomba. Usivuke kwa miguu, kwa bodaboda wala kwa matatu. Ni afadhali kuchelewa kufika nyumbani.

Mashimo ya maji taka ambayo vifuniko vyake vimeibwa kuuzwa kama vyuma vikuukuu hayaonekani maji yakifunika njia. Yatieni alama kabla ya mvua, kwa mti mrefu au kitambaa chekundu, na mwonyesheni kila mtoto yalipo.

Maji yakianza kuingia ndani, zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia ukiwa mkavu. Ukiwa umesimama majini, usiiguse. Nyaya zilizoanguka zipe nafasi kubwa.

Maji ya mafuriko huchanganyika na maji taka na huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Chemsha maji ya kunywa au uyatibu kwa klorini, hata yakitoka kwenye mfereji. Mtu akianza kuhara majimaji mfululizo, mpe maji yaliyochanganywa na dawa ya kurudisha maji mwilini, na mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Kwa dharura piga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa nambari 1199 bila malipo.

5. Kazi ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo yenye majengo, kuzoa takataka na kukabiliana na majanga. Kwa hivyo mkazi anayeripoti mtaro ulioziba haombi fadhila. Anadai huduma iliyo haki yake. Ripoti mapema kwa ofisi ya msimamizi wa wadi. Taja mahali hasa, siku uliyouona mtaro huo, na upige picha.

Mkazi naye ana kazi yake. Hakuna lori la kaunti litakalosimama mlangoni kwako kila usiku kuzuia mfuko mmoja usitupwe mtaroni. Usafi wa asubuhi moja huharibika kwa wiki moja ikiwa tabia haijabadilika.

6. Zoezi la Jumamosi hii

Toka na majirani wawili au watatu, pamoja na watoto wenu. Anzeni pale maji ya paa lenu yanapoanguka, myafuate hadi mtaroni, kutoka mtaroni hadi kwenye karavati, na mwendelee hadi mtakaposhindwa kuuona mwisho wake. Andikeni majibu ya maswali haya:

- Maji yetu yanaishia wapi, na yanapita mbele ya nyumba za nani?
- Ni wapi njia imeziba au imejengewa?
- Ni mashimo mangapi hayana vifuniko?
- Nani katika safu yetu hawezi kutoka peke yake usiku: mzee, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga? Nani atamgongea mlango?
- Tutakutana wapi, mahali palipoinuka, maji yakiingia?

Swali la nne lijibiwe kwa jina la mtu, si kwa neno "majirani". Mvua ya saa nane usiku haitampa mtu muda wa kuulizana ni zamu ya nani.